MAFUTA NA VITA VYA OMAN

Katika mabaraza yetu bado husemwa kwamba vita vya Jebel Akhdar vilikuwa ugomvi wa Imamu na Sultani tu, mambo ya madhehebu na makabila, wala mgeni hakuwa na mkono. Wako miongoni mwetu wenye asili ya Nizwa na Rustaq, na tumewaona watu wa ukoo mmoja wakitoleana maneno kwa ajili hiyo. Yatupasa tulieleze jambo lenyewe.

Ugomvi ulikuwako, hatukatai. Lakini mwaka 1920 palifungwa mkataba huko Seeb: Sultani akabaki na pwani, na watu wa bara wakaachiwa mambo yao chini ya Imamu. Mkataba ule ulidumu zaidi ya miaka 30. Kilichouvunja ni nini?

Mwaka 1937 Sultani Said bin Taimur aliipa haki ya kutafuta mafuta, kwa miaka 75, kampuni iliyokuwa tawi la Iraq Petroleum Company, mali ya Waingereza, Waholanzi, Wafaransa na Wamarekani. Haki hiyo ilienea hata katika ardhi ambayo amri yake haikufika. Kufika Fahud pasi na askari kampuni haikuweza. Basi ikalipa yenyewe gharama za jeshi! Fikirini, ndugu: mfanyabiashara anagharimia askari, jina ni la Sultani, wakubwa wao ni Waingereza. Februari 1954 walishuka Duqm. Oktoba wakafika Fahud. Desemba 1955 Nizwa ikatwaliwa.

Wala wasijisifu wanaowatukuza wasaidizi wa Imamu. Saudia, iliyotia watu wake Buraimi mwaka 1952 na baadaye kumpa Imamu msaada, nayo ilikuwa na kampuni nyuma yake: Aramco ya Wamarekani, ambayo wataalamu wake ndio waliomtayarishia Mfalme hoja za mipaka.

Mwaka 1957 Talib, nduguye Imamu Ghalib, alirudi na silaha. Ndege za Kiingereza zikapiga mabomu ngome na vijiji, na Tanuf ukabomolewa. Januari 1959 mlima ukatekwa. Na kile kisima cha kwanza cha Fahud, kilichofanya yote hayo yaonekane ya lazima, kilitoka kikavu. Mwaka 1960 wengi wa wenye hisa wakajitoa. Mafuta yalionekana Yibal mwaka 1962, yakaanza kuuzwa ng'ambo mwaka 1967. Imamu Ghalib alikuwa uhamishoni Saudia, na hakurudi kutawala tena.