PIKIPIKI KUUKUU NA UKAGUZI WA MWAKA



Wengi wetu twaenda zamu ya usiku kwa pikipiki kuukuu. Siku ya ukaguzi ikikaribia, wengine hupaka tangi rangi na kung'arisha vyuma, kisha hulalamika wakikataliwa. Sisi twaona huko ni kujidanganya. Mkaguzi hatafuti urembo.

Katika reli, treni haiondoki kabla breki hazijajaribiwa. Yafaa tufanye vivyo hivyo. Wiki mbili mbele, tazama breki zote mbili, taa za mbele na nyuma, honi, mnyororo na spoki. Inua gurudumu la mbele, uzungushe usukani polepole: ukikwamakwama, gololi zimelika. Mpira usiwe kipara. Huko Uingereza, pikipiki iliyopita miaka 3 hupimwa kila mwaka, na kina cha nakshi ya mpira kisipungue milimita 1.

Tena, tusiazime mpira wa jirani kwa siku moja ili tupite. Cheti tutapata, lakini barabara itatukagua kila usiku, nayo haidanganyiki. Bei ya breki mpya ni nafuu kuliko matanga. Watoto wetu wanamngoja baba, hawangoji cheti.