Je, Wachezaji Lazima Wapendane?

Watu wengi husema kwamba wachezaji wa timu moja wasipopendana hawawezi kushinda. Neno hili lapendeza kulisikia, lakini yafaa tulipime kwanza kabla ya kulikubali.

Tuutazame mchezo wa besiboli, upendwao sana huko Marekani. Mtu mmoja hutupa mpira, na mshindani wake, mwenye gongo, hujaribu kuupiga. Saa ile mpigaji yu peke yake. Urafiki wa wenzake haumwongezei nguvu za mkono wala wepesi wa jicho.

Lakini mpira ukiisha kupigwa, kazi huwa ya wengi. Katika mji wa Chicago iko timu iitwayo Cubs. Zamani Joe Tinker na Johnny Evers walilinda uwanja wake karibu karibu. Mmoja aliudaka mpira, akamrushia mwenziwe, naye pasipo kukawia akaurusha kwa mlinzi wa tatu, hata washindani wawili waliokuwa wakikimbia wakatolewa kwa mara moja. Watu hawa waligombana mwaka 1905, wakakaa miaka mingi bila kusemezana. Hata hivyo timu yao ilitwaa ubingwa mwaka 1907, na tena mwaka 1908. Mithali yasema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, kwa sababu mpira ulipokuja kila mmoja alijua ya kuwa mwenziwe yupo mahali pake.

Je, basi ugomvi si kitu? La, sivyo. Mwaka 1974 wachezaji wawili wa timu ya Oakland, Reggie Jackson na Billy North, walipigana katika chumba cha kuvalia nguo. Mwenzao Ray Fosse alikwenda kuwaamua, akaumia shingo, asiweze kucheza kwa muda mrefu. Timu ilitwaa ubingwa mwaka ule, wa tatu mfululizo. Lakini aliyelipa gharama ya ugomvi hakuwa mgomvi.

Kwa hiyo mimi naona hivi: kupendana si sharti la kushinda, bali uaminifu katika kazi ndio sharti. Basi, ninyi mchezao mpira, msingoje kumpenda mwenzenu ndipo mmpe mpira. Mpeni kwa kuwa amesimama mahali panapofaa. Na mkigombana, malizeni ugomvi upesi, usije ukamwumiza yule anayewapatanisha.