Mbwa katika Motokaa

Huko Arizona, katika nchi ya Marekani, karibu na mpaka wa Meksiko, liko eneo la nyasi kavu liitwalo Buenos Aires. Lilitengwa mwaka 1985, hasa kwa ajili ya aina moja ya kwale aliyekaribia kutoweka. Watu hupita humo polepole kwa motokaa wakitazama wanyama, na wengine huwachukua mbwa wao. Hatuoni ubaya, maadamu mbwa yumo ndani, au akishuka amefungwa kamba. Pronghorn, mnyama afananaye na swala, hukimbia kupita kilomita 80 kwa saa. Mbwa hamfikii kamwe. Lakini kwale huatamia chini majanini, naye akifukuzwa hana budi kuyaacha mayai yake.

Tena yako maradhi, ambayo kamba haiyazuii. Mwaka 1994, katika Serengeti, ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliwaua simba wapata 1,000, yaani thuluthi moja yao, nao ulidhaniwa kutoka kwa mbwa wa vijijini. Wala mbwa hao hawakupanda motokaa ya mtu! Chanjo yake ipo. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na majuma 6 hadi 8, kisha hurudiwa mpaka atimize majuma 16.