TAHARIRI: Orodha Yetu Ilivyowafungulia Wezi Mlango

Ndugu Wanachama,

Leo tahariri inaanza kwa kukiri kosa. Ubao huu huu unaousoma ndio uliotuponza.

Msimu uliopita, baada ya nazi kuuzwa, Kamati iliagiza orodha ya malipo ibandikwe hapa. Ilikuwa na jina la kila mwanachama, idadi ya nazi zake, hela anazodai, namba ya simu, hata namba ya NIDA. Nia ilikuwa njema. Tulitaka kila mtu ajionee kwamba hakuna aliyepunjwa. Mtu mmoja akaipiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la WhatsApp ili wenzetu walioko Dar es Salaam nao waone. Ikapita mikono mingi. Haikutimia wiki, simu zikaanza kulia.

Mama mmoja, mwanachama wetu, alipigiwa na kijana mwenye sauti ya adabu. "Shikamoo mama. Nakupigia kutoka ofisini, malipo yako ya nazi yamekwama." Akamtajia jina lake lote na hela zake hadi shilingi ya mwisho. Nani asingeamini? Akaongozwa bonyeza hiki, bonyeza kile, mwisho akaambiwa aweke namba ya siri ili hela zifunguke. Akaiweka. Kumbe alikuwa anamtumia mwizi kwa mkono wake mwenyewe! Zikaondoka za nazi, zikaondoka na zile alizodunduliza kwa pweza kwa ajili ya sare na madaftari ya mjukuu.

Mama huyu alinyamaza wiki tatu kwa aibu. Katika wiki hizo tatu wanachama wengine wawili wakapigwa kwa hila ile ile. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndugu, aliyeibiwa hana aibu. Aibu ni ya mwizi, na kidogo ni yetu sisi tuliombebea taa.

Sasa kijiji kimegawanyika. Wako wanaosema orodha isibandikwe tena kabisa. Wako wanaosema, na hasa wazee, kwamba orodha ikiondoka ukutani, viongozi watarudi kula jasho la wakulima gizani. Tahariri hii haiwabezi wazee. Wanayakumbuka mengi, na mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini tujiulize: ili kujua kwamba hukupunjwa, unahitaji namba ya simu ya jirani yako? Unahitaji namba yake ya NIDA? Hata kidogo. Unahitaji kuona nazi ngapi zimeuzwa, kwa bei gani, makato ni ya nini, na wewe umepata ngapi.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Ukutani pakae jumla ya nazi, bei, makato, na malipo ya kila mmoja kwa namba yake ya uanachama tu. Namba za simu na za NIDA zibaki ndani ya daftari, daftari libaki kabatini, na ufunguo uwe na mwenyewe anayejulikana. Mwanachama akitaka kuhakiki malipo yake, afike ofisini afunguliwe ukurasa wake mbele ya mjumbe mmoja. Hapo uwazi utabaki na siri itabaki.

Tena hili si hisani ya Kamati. Ni sheria ya nchi. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anapaswa kuzitumia kwa kazi aliyozikusanyia na kuzilinda. Sisi tulizikusanya ili tulipane, si ili zizunguke kwenye simu za watu tusiowajua.

Lakini Kamati peke yake haitoshi. Kila mmoja ana mlango wake wa kufunga.

Kwanza, namba ya siri usimtajie mtu, awe wakala, awe mjukuu. Na mtu akikupigia akakutaka uiweke, kata simu. Kampuni za simu zimeweka namba 100 kwa huduma ya wateja. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kudai ni wa kampuni, huyo ni mwongo. Ukikosea ukatuma hela, piga 100 saa hiyo hiyo, usingoje kesho.

Pili, ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiujibu. Upeleke namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na namba ya aliyeutuma. Na ukiambiwa umetumiwa hela kwa makosa, usirudishe kabla hujaangalia salio lako mwenyewe. Ujumbe hughushiwa, salio halighushiwi.

Tatu, angalieni vidole vyenu. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi 20 Januari 2020, na wengi wetu tulipanga foleni. Wapo wauza laini wasio waaminifu wanaokwambia "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lako. Mwizi akiitumia, anayetafutwa ni wewe. Bonyeza *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika, ukiwa na namba yako ya NIDA, ifungwe.

Mwalimu alitutajia maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwizi wa simu anamtumia wa kwanza ili atuletee wa pili. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walikaa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hebu tufanye vile vile. Kila siku ya kupima nazi tukae nusu saa ofisini, vijana wawafundishe wazee simu zao. Ila kijana afundishe kwa mdomo, simu ishikwe na mwenyewe.

Nyumbani kwetu hata ndugu wa damu hubisha hodi. Na si kila hodi hujibiwa karibu.

Kamati ituombe radhi kwenye Mkutano Mkuu, nasi wa ubao huu tunaomba radhi leo. Aliyepigiwa simu za namna hii aje aseme. Hatutamcheka.

Umoja ni nguvu!

Mhariri