Video za mlima zifuate saa, si kilomita



Natoa maoni yangu kuhusu video za njia za Mlima Kilimanjaro zinazotengenezwa kwa programu za ramani.

Siku hizi mtu huchukua rekodi ya njia iliyopimwa kwa setilaiti, akaiingiza katika programu kama Google Earth, na kompyuta ikamwonyesha mlima kana kwamba yeye ni ndege anayefuata njia hiyo tangu langoni hadi kileleni. Sizipingi video hizo. Mgeni aliye ng'ambo huweza kulinganisha njia ya Marangu na ya Machame kabla hajatoa fedha zake.

Lakini zina kasoro moja kubwa. Mara nyingi "ndege" huyo huenda kwa mwendo mmoja, akihesabu kilomita tu. Tuchukue njia ya Marangu. Kutoka langoni hadi Mandara ni kama kilomita 8, na watu wengi huzimaliza kwa saa 3 hivi. Kutoka kambi ya Kibo hadi Kilele cha Uhuru ni kama kilomita 6, lakini hapo mtu hupanda karibu mita 1,200, usiku, kwenye baridi kali, kwa saa 6 au zaidi. Kwa hiyo sehemu iliyo ngumu kuliko zote hupita upesi kuliko matembezi ya msituni! Tena katika mita 5,895 oksijeni anayoivuta mtu ni kama nusu ya ile ya pwani. Jambo hilo picha haiwezi kulionyesha.

Mimi ni kiongozi wa watalii. Nimewapokea wageni waliokwisha kuona video hizo, na wengine hutaka siku zipunguzwe, wakidai kwamba kilele ni karibu. Ndugu wasomaji, mwili unahitaji siku za kuzoea. Asiyezoea huumwa kichwa, hutapika, na maji yanaweza kujaa mapafuni akafa. Hapo waliotengeneza video hawapo; wapagazi ndio wanaomteremsha usiku kwa machela.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, muda wa video ufuate saa za kutembea. Wakitoa sekunde 3 kwa kila saa, msitu utapata sekunde 9 na kilele 18, na mgeni ataelewa. Pili, kila kambi iandikwe kimo chake na idadi ya usiku wa kulala hapo. Tatu, viongozi wa milima wafundishwe programu hizi. Nyingine hutolewa bure, na wao ndio wanaoijua njia kwa miguu.

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Na video nazo zijifunze kwenda pole pole.

Kiongozi wa Watalii,
Marangu, Moshi.