Miguu tunayo, Girubuntu wetu yuko wapi?

Mwaka 2015, Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikwenda Richmond, Marekani, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Tusidanganyane, hakuokotwa njiani. Wenzetu walikuwa na kambi Musanze: kocha, fundi na baiskeli za mbio zenyewe. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano hayohayo, ya kwanza kufanyika Afrika.

Sasa njoo huku Lingeka. Binti anapiga pedeli kwenda mashineni na sokoni, mzigo nyuma, jua la Simiyu kichwani. Siku ya tamasha tunamwita ashindane, mara nyingi kwa baiskeli ileile ya mizigo. Akishinda anapewa bahasha, tunapiga makofi, basi. Tutaonana mwakani!

Wewe shabiki wa Simba au Yanga, ungekubali timu yako icheze mechi moja kwa mwaka, bila kocha, halafu udai kombe la Afrika? Ungeandamana hadi klabuni. Mbona kwa hawa mabinti tunanyamaza?

Hatuombi uwanja mpya. Lami ya Bariadi hadi Lamadi ipo. Halmashauri itafute kocha mmoja na baiskeli kumi za mbio, ipange mashindano kila mwezi, na polisi wazuie magari saa mbili tu Jumapili asubuhi. Bahasha ya mshindi inaisha wiki hiyohiyo. Kocha angebaki.