Amepimwa Nini?

Mpenzi mwanafunzi, sarufi imekufundisha kwamba kitenzi "pima" huhitaji yambwa: mtu hupima samaki, hupima kitambaa, hupima damu. Sasa sikiliza mazungumzo ya kwetu Nyanza-Lac, mwaloni hata sokoni. "Mjamzito yule amepimwa?" "Amepimwa." Hakuna anayeuliza amepimwa nini, kwani kila mtu ameelewa: virusi vya UKIMWI. Yambwa imefutwa, na pamoja nayo umefutwa ugonjwa mwingine: kaswende.

Mama anayeishi na VVU ndiye anayeponzwa zaidi na ufupisho huo. Hali yake inajulikana, dawa za kufubaza virusi anazimeza kila siku, basi watu husema, "Huyo tayari." Tayari kwa lipi? Dawa hizo haziui vimelea vya kaswende. Kaswende hupita katika kondo la nyuma, ikaharibu mimba, ikaua mtoto tumboni au ikamzalisha mama mtoto mgonjwa. Tena humzidishia mtoto hatari ya kuambukizwa VVU. Na mara nyingi mama mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Utafiti wa Mwanza, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kati ya wajawazito wenye kiwango kikubwa cha kaswende ambao hawakutibiwa, robo walizaa watoto wafu. Kwa wasio na kaswende, alikuwa mmoja tu katika mia. Waliotibiwa kwa sindano moja ya penisilini walijifungua salama kama wasio wagonjwa. Sindano moja! Hata kaswende iliyokaa muda mrefu huhitaji tatu tu, moja kila juma.

Kipo kipimo kimoja cha VVU na kaswende kwa pamoja. Lakini anayejua tayari kwamba ana VVU hapimwi kwa hicho. Yeye huhitaji kipimo cha kaswende peke yake. Hapo ndipo ni rahisi kumruka.

Kwa nini basi hatuulizi? Nalilaumu neno. Maradhi haya tumeyaita "magonjwa ya zinaa", na zinaa ni ngono ya nje ya ndoa. Mke aliyeambukizwa na mumewe, ndani ya nyumba yake, amekwisha kuhukumiwa kabla ya kutibiwa. Atanyamaza. Na mume asiyeitwa kutibiwa atamwambukiza tena mke aliyepona. Wapo watakaosema kuwa jina kali huwatia watu hofu ya dhambi. Nawajibu: hofu hiyo haimzuii mzinzi kuzini, humzuia mgonjwa kwenda kituo cha afya. Tuseme "magonjwa ya kujamiiana", na kaswende tuiite kaswende.

Mwaka 2006 serikali yetu iliondoa malipo ya kujifungua. Ni jambo jema sana. Lakini uzazi usiolipiwa unamfaa nini mtoto aliyekwisha kufa tumboni?

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Zoezi la juma hili si la daftarini. Mfundishe dada yako, shangazi yako au jirani mjamzito maswali matatu ya kuuliza kliniki: "Nimepimwa nini? Kaswende je? Na mume wangu atapimwa lini?" Usikubali jibu lisilo na yambwa.